Swali la Kwanza: Imejengwaje?

Nilipopangiwa mwaka wa kichungaji Kibondo, nilitarajia kutembelea vigango, kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza na kusaidia kwaya ambayo kila mwimbaji ana sauti yake mwenyewe. Hayo yote nilipewa. Wiki ya pili tu, Baba Paroko akaniongezea jingine. "Frateri," alisema, "nasikia ulisoma PCM kabla ya kuingia seminari kuu. Kuna shule hapa jirani ambayo Kidato cha Sita hawana mwalimu wa hisabati, na mtihani wao ni Mei." Ilikuwa mwishoni mwa Januari.

Wanafunzi walikuwa 23, wengi wao wa PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Watu hudhani kuwa aliyechagua baiolojia ameikimbia hesabu. Hajafika mbali. Somo la BAM, ile hisabati tumizi ya msingi, humfuata huko huko, na ndani yake imo mada ya derivativu. Mwalimu aliyenitangulia alikuwa amehamishwa katikati ya mada hiyo. Kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukutani palikuwa bado na jedwali la kanuni zake: x yenye kipeo inakuwa hivi, sini inakuwa kosini, mazidisho yanakwenda hivi, mgawanyo hivi. Mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza. Wanafunzi walikuwa wamelikariri jedwali zima, na ungeweza kumwamsha mmoja wao usiku akakutajia. Ila ukimpa funksheni moja ambayo haijawahi kuonekana, hajui ashike mstari upi.

Kwa msomaji aliyeagana na hesabu siku ya mtihani wa Kidato cha Nne na hakutaka kuonana nayo tena, nieleze kwanza derivativu ni nini.

Anayesafiri kutoka Kasulu kwenda Kibondo anapita Makere, anapita Mvugwe, anavuka Mto Malagarasi, na muda wote anapanda na kushuka vilima vya Buha. Abiria wa basi hulala. Lakini yule kijana unayemwona pembeni mwa barabara akisukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi anaijua derivativu kwa magoti yake. Derivativu ni ukali wa mwinuko pale hasa ulipo. Wastani wa safari nzima haumsaidii kitu. Ukimwambia kwamba kwa jumla kilima hiki ni cha upole, atakutazama tu, kwa sababu ametoka kupita mahali ambapo alisimamisha baiskeli kwa kifua. Kibao cha barabarani kikiandika 8%, kinamaanisha kwamba hapo, kwa kila mita 100 za kwenda mbele, unapanda mita 8.

Ugumu ni kwamba mwinuko hupimwa kati ya pointi mbili, nasi tunautaka kwenye pointi moja. Njia yenyewe ni hii: chukua pointi ya pili, kisha uisogeze karibu. Tuitazame x². x ikiwa 3, jibu ni 9. Sogea hadi 3.1, jibu ni 9.61. Umepanda 0.61 kwa hatua ya 0.1, kwa hiyo mwinuko ni 6.1. Sogea hadi 3.01 tu, mwinuko unakuwa 6.01. Sogea 3.001, unakuwa 6.001. Hata mtoto wa darasa la tano anaona namba hizi zinaelekea 6. Ukianzia 5 utaona zinaelekea 10. Derivativu ya x² ni 2x. Ukifanya hivyohivyo kwa x³ utapata 3x², na kwa x⁵ utapata 5x⁴: kipeo kinashuka mbele, halafu kinapungua kimoja. Newton alilifikia wazo hili miaka ya 1665 na 1666, Chuo Kikuu cha Cambridge kilipofungwa kwa sababu ya tauni naye akarudi kijijini kwao. Leibniz wa Ujerumani alilifikia kwa njia yake na kulichapisha mwaka 1684. Waligombana, na wafuasi wao wakaendelea kugombana. Sisi darasani tunaandika dy/dx ya Leibniz, na ugomvi tumewaachia wenyewe.

Kanuni ya kipeo ni tamu, na utamu wake ndio unaoleta balaa. Mwanafunzi akishaionja anataka kuipaka kila mahali. Katika zoezi la kwanza nililotoa, 17 kati ya 23 waliandika kwamba derivativu ya 2ˣ ni x·2ˣ⁻¹. Walishusha kipeo mbele na kukipunguza kimoja, kama walivyozoea. Wengine walipewa x² mara sini x, wakatafuta derivativu ya kila moja peke yake na kuzizidisha. Kazi safi kabisa, mistari imenyooka, na jibu si lenyewe.

Mmoja wa hao alikuwa binti wa kiti cha mbele, karibu na dirisha. Alitaka kuwa muuguzi. Kwenye baiolojia alikuwa wa kwanza au wa pili kila mara. Kwenye BAM alikuwa na F mbili za mfululizo, na alishaanza ule ukimya ambao walimu wanaujua: mwanafunzi anakuja, anakaa, anaandika, lakini hayupo.

Jumapili moja ya Februari, baada ya Misa, mama yake alinisubiri nje ya sakristia. Alikuwa ametembea kutoka kijijini.

"Tumsifu Yesu Kristo, Frateri."

"Milele, amina, mama. Karibu."

"Nimekuja na swali moja tu. Mwanangu anasema hesabu zimemshinda, anataka kurudi nyumbani. Maharage ya msimu wa pili yanataka kupandwa sasa, hayangoji mtu. Ada ya muhula huu nimeikopa kwenye kikundi, na riba unaijua. Nisikufiche, mikono yake naihitaji. Kama ataweza, nitavumilia. Kama hataweza, niambie leo nimchukue twende, ili nisile hasara mara mbili."

Katika miaka yangu ya falsafa nilisoma mengi kuhusu ukweli, lakini sijawahi kuulizwa swali lililohitaji jibu la kweli kwa haraka hivyo. Nilimwambia kwamba simjui binti kiasi cha kumwahidi. Nikamwomba aniachie hadi Pasaka. Alifikiri, akahesabu kitu kwa vidole, akasema, "Pasaka. Lakini usinidanganye, mwanangu." Akanipigia makofi mepesi ya heshima, kama Waha wanavyosalimiana na kuagana, akaenda zake.

Kwa hiyo nilikuwa na wiki kama sita. Nikabandua ile manila ukutani. Niliikunja vizuri nikaiweka kabatini, na juu ya ubao nikaandika neno moja: IMEJENGWAJE?

Hilo ndilo ninaloliamini kuhusu somo hili. Wanafunzi wanafundishwa derivativu kama orodha ya majibu, wakati ni kazi ya kutambua. Fundi anayevunja ukuta haanzi kwa kuchagua nyundo. Anatazama kwanza ukuta ulijengwa kwa matofali ya kuchoma, kwa udongo au kwa mawe. Kila funksheni imejengwa kwa namna yake, na namna ilivyojengwa ndiyo inayokuambia uifungue vipi.

Jinsi ya kuitambua ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Jiulize: kama ningepewa namba niweke mahali pa x na kukokotoa, tendo la mwisho ningelofanya ni lipi? Hilo la mwisho ndilo la kwanza kushughulikiwa. Chukua x² mara sini x. Utatafuta x², utatafuta sini, na mwisho utazidisha. Basi hiyo ni funksheni ya mazidisho, hata kama ndani yake kuna vipeo na sini. Chukua (3x² + 1)⁵. Utatafuta cha ndani, na mwisho utakipandisha kipeo cha 5. Hiyo ni funksheni iliyo ndani ya nyingine. Na sini ya x² si sawa na sini x yote kipeo cha 2: ya kwanza inamalizia na sini, ya pili inamalizia na kipeo. Kwa wiki nzima hatukutafuta derivativu hata moja. Nilikuwa naandika funksheni ubaoni, nao wanataja tendo la mwisho, basi. Mwalimu wa taaluma alipita dirishani, akasikia darasa la Kidato cha Sita linaitikia "kuzidisha!", "kugawanya!", akaniuliza kwa upole kama kila kitu kiko sawa.

Kisha tukaanza kufungua.

Kanuni ya mazidisho niliieleza kwa shamba. Tuseme shamba la maharage lina mita 20 kwa 30. Ukilipanua kidogo pande zote mbili, kwa mfano mita 0.1 kila upande, umepata ukanda mmoja wa 20 mara 0.1, yaani mita za mraba 2, na ukanda mwingine wa 30 mara 0.1, yaani 3. Jumla 5. Ndiyo maana derivativu ya mazidisho ina sehemu mbili zinazojumlishwa: cha kwanza mara mabadiliko ya cha pili, kujumlisha cha pili mara mabadiliko ya cha kwanza. Aliyezidisha mabadiliko kwa mabadiliko amepima kitu kingine kabisa.

Mkono ukanyooshwa karibu na dirisha. Ulikuwa wa kwanza kutoka pale tangu nifike.

"Frateri, na ile kona je? Pale kanda mbili zinapokutana. Kile kipande tumemwachia nani?"

Darasa likacheka, lakini lilikuwa swali bora zaidi la muhula. Kile kipande kipo. Ni 0.1 mara 0.1, yaani 0.01. Nikamwambia aje ubaoni apunguze hatua. Akaweka 0.01: kanda zikawa 0.2 na 0.3, kona ikawa 0.0001. Akaweka 0.001: kanda 0.02 na 0.03, kona 0.000001. Hatua ikipungua mara kumi, kanda zinapungua mara kumi na kona inapungua mara mia. Alisimama akiangalia namba zake, kisha akasema polepole, kwa Kiswahili, "Kwa hiyo haitupwi. Inaisha yenyewe." Na ile kona, kwa anayetaka kujua, ndiyo hiyo waliyoipima wale waliozidisha derivativu mbili.

Nataja kwamba alisema kwa Kiswahili kwa sababu somo linafundishwa kwa Kiingereza na mtihani ni wa Kiingereza. Hawa vijana walihesabu kwa Kiswahili hadi darasa la saba, na nyumbani wengi wanaongea Kiha. Nilikuwa nawaruhusu wafikiri kwa lugha yoyote, halafu dakika kumi za mwisho tunaandika upya kwa lugha ya mtihani. Kuna faida ambayo sikuitarajia. Kanuni ya funksheni iliyo ndani ya nyingine, kwa Kiingereza, inaitwa kwa jina la mnyororo. Walikuwa wamelitamka jina hilo miezi mitatu bila kufikiri kwamba mnyororo unaotajwa ni cheni, kama cheni ya baiskeli.

Na baiskeli Kibondo hazihitaji kuelezwa. Nikaomba ya mlinzi, nikaigeuza matairi juu mbele ya darasa. Tuseme gia ya mbele ina meno 48 na ya nyuma 16. Ukizungusha pedali mara moja, gurudumu linazunguka mara tatu. Gurudumu la namba 28 likizunguka mara moja linakwenda kama mita 2.2. Je, pedali ikizunguka mara moja umekwenda umbali gani? Hakuna aliyejumlisha 3 na 2.2. Wote walizidisha: mita 6.6. Basi kasi za mabadiliko kupitia mnyororo huzidishwa. Kwenye (3x² + 1)⁵, cha nje kinatoa 5(3x² + 1)⁴ na cha ndani kinatoa 6x. Vizidishe upate 30x(3x² + 1)⁴. Kitu cha kuangalia ni kwamba ukifungua cha nje, cha ndani unakiacha kama kilivyo. Ukibandua ganda, hujagusa punje.

Mgawanyo niliwapeleka kwa Maria Gaetana Agnesi, na hapa nitakaa kidogo, maana seminari zetu humsahau. Alizaliwa Milano mwaka 1718, mtoto wa kwanza katika nyumba iliyofikisha watoto 21. Mwaka 1748 alichapisha kitabu cha juzuu mbili kilichokusanya hesabu zote za aina hii zilizokuwa zimetawanyika katika maandishi ya wataalamu wa Ulaya, na kuzipanga ili kijana aweze kuzifuata hatua kwa hatua. Wataalamu wengi wa siku zile waliandika Kilatini. Yeye aliandika Kiitaliano, ili vijana wa kwao wamsome. Mwaka 1750 Papa Benedikto wa 14 alimteua katika Chuo Kikuu cha Bologna. Hakwenda kufundisha huko. Baba yake alipofariki mwaka 1752 aligeukia maskini na wagonjwa wa Milano, mwaka 1771 akapewa kusimamia wanawake katika nyumba ya wazee na wagonjwa ya Pio Albergo Trivulzio, na akafa mwaka 1799 katikati ya maskini.

Nimesikia habari yake ikisimuliwa kana kwamba aliacha takataka akachukua dhahabu. Sikubaliani. Kitabu kilichomfanya kijana aelewe kitu kilichokuwa kimefungwa katika lugha asiyoijua kilikuwa tayari ni huduma, na mkono ulioandika ndio huohuo uliokuja kuosha vidonda.

Ndani ya kitabu chake kuna mstari uliopinda unaobeba jina lake hadi leo. Jina la mstari huo, versiera, lilitolewa na Guido Grandi, mmonaki Mkamaldoli, kutokana na neno la Kilatini la kugeuka. Mwingereza John Colson alipokuwa akitafsiri kitabu alilisoma kama neno linalofanana nalo, lenye maana ya jike la shetani, akaandika "mchawi". Tafsiri ilichapishwa 1801, yeye mwenyewe akiwa amekwisha kufariki, na hadi leo vitabu vya Kiingereza vinauita mchawi wa Agnesi. Niliposimulia hayo darasani hakuna aliyesinzia.

Umbo lake jepesi ni 1 gawanya kwa (1 + x²). Ukilichora, ni kilima kilekile unachokiona ukisimama Kasulu ukitazama pande zote: kilele cha mviringo, mabega yanayoshuka, kisha miguu mirefu inayolala tambarare. Tendo la mwisho ni kugawanya, kwa hiyo kanuni ya mgawanyo, na jibu ni −2x gawanya kwa (1 + x²) yote kipeo cha 2. Kileleni, x ikiwa 0, mwinuko ni 0. Kulia ni hasi, unashuka. Kushoto ni chanya, unapanda. Tukauliza ni wapi panapochosha zaidi. Inabidi utafute derivativu ya derivativu na kuilinganisha na 0, na jibu lake lilitufurahisha wote: ni robo tatu ya kimo cha kilima, upande wowote. Kijana mmoja ambaye baba yake anabeba ndizi kwa baiskeli alisema hilo lilijulikana kwao kabla ya Agnesi. Vilima vya kweli, bila shaka, havikusoma kitabu.

Sini na kosini nilizipitisha haraka kwa chetezo. Mtumishi wa altare akikitikisa, kikifika mwisho wa mkono kinasimama kidogo kabla ya kurudi, na kikipita katikati ndipo kinakwenda kasi kuliko kote. Mahali pake kikiwa sini, mwendo wake ni kosini: moja ikiwa 0, nyingine imefika kikomo. Logarithimu asilia inatoa 1 gawanya kwa x, na hapo hatukukaa.

Tulikaa kwenye 2ˣ. Niliwarudishia majibu yao ya mwanzo na kuwaomba wayajaribu. Kama derivativu ingekuwa x·2ˣ⁻¹, basi x ikiwa 0 derivativu ingekuwa 0, yaani mwanzoni kitu hakikui kabisa. Lakini 2ˣ inaanza 1 na kufika 2 hatua moja tu mbele, na mwendo huo haukuanza kwa kusimama. Tukafanya kwa kikokotozi kama tulivyofanya x², na kila mahali tulipogusa mwinuko ulikuwa 2ˣ yenyewe mara 0.693. Kitu kinachokua kwa kadiri ya ukubwa wake. Kati ya namba zote ipo moja, karibu 2.718, inayoitwa e, ambayo hiyo 0.693 kwake inakuwa 1 kamili, ndiyo maana derivativu ya eˣ ni eˣ. Swali la kuuliza ni moja: x iko wapi? Ikiwa chini na namba iko juu, shusha kipeo. Ikiwa juu na namba iko chini, usithubutu kuishusha.

Binti yule akasema kwamba hilo ni deni la kikundi, riba ikijumlishwa kwenye deni. Nikasema ndiyo. Nikamwuliza kama anajua kitu kinachokwenda kinyume, kinachopungua kwa kadiri ya kilichobaki. Alifikiri, kisha akasema: dawa mwilini. Tuliifanya palepale. Tuseme dawa ya miligramu 500, na nusu yake huondoka kila saa 3. Kasi ya kupungua ni 0.231 ya kilichopo. Zikiwepo 500, zinaondoka kwa kasi ya miligramu 115 hivi kwa saa. Zikibaki 250, ni kama 58. Aliandika ukurasa mzima bila mimi kumwambia aandike, akabadilisha saa 3 kuwa 4, kuwa 6, akachora michoro. Kengele ililia, wenzake wakatoka, yeye akabaki.

Jumatatu ya Pasaka mama yake alikuja tena. Nilimwonyesha daftari la binti yake: zoezi la Februari, 3 kati ya 20, na zoezi la wiki iliyotangulia, 13 kati ya 20. Hakusoma kilichoandikwa, lakini alihesabu alama za vyema kwa kidole, ukurasa mmoja baada ya mwingine. Akaniuliza, "Hizi ni zake mwenyewe? Hakuangalizia?" Nikamjibu ni zake. "Basi maharage nimeshapanda na dada yangu," alisema. "Tutaona Mei." Alikuwa amepanda mapema, bila kuningoja.

Wiki ya mwisho kabla ya mtihani niliwaambia kila mmoja alete funksheni moja aliyoitunga, tuone kama itatushinda. Walileta vitu vya kutisha, vyenye mabano ndani ya mabano, na vyote vilifunguka kwa kuuliza tendo la mwisho. Binti wa dirishani alileta fupi kuliko zote: xˣ.

Kukawa kimya. x iko chini na iko juu pia. Nusu ya darasa ikasema kanuni ya kipeo, nusu ikasema hapana, x iko juu. Kila upande ulimtazama mwingine kama mfuasi wa Newton anavyomtazama wa Leibniz. Nikawaacha wabishane kipindi kizima. Mwishowe yeye mwenyewe alikumbuka logarithimu: andika y = xˣ, chukua logarithimu pande zote, na x ya juu inashuka kihalali. Logarithimu ya y ni x mara logarithimu ya x. Tendo la mwisho upande wa kulia ni kuzidisha, na hilo tunaliweza. Likatoka xˣ mara (1 + logarithimu asilia ya x). x ikiwa 2, hiyo ni 6.77. Wakajaribu kwa kikokotozi na hatua ya 0.001, wakapata 6.78.

Halafu kijana wa baiskeli akagundua kitu ambacho sikuwa nimekipanga. Alichukua jibu la nusu ya kwanza, x·xˣ⁻¹, ambalo ni xˣ tupu. Akachukua jibu la nusu ya pili, xˣ mara logarithimu ya x. Kila moja peke yake si jibu. Akazijumlisha ubaoni, na ikatoka derivativu kamili. Kila upande ulikuwa umeshika x moja ikitembea na nyingine imesimama, kama kanda mbili za shamba. Sijawahi kusikia kelele kama ile katika kipindi cha hisabati.

Matokeo yalipotoka Julai nilikuwa nimekwisha kurudi seminari kuu. Binti alipata C ya BAM, na masomo yake mengine yalimtosha kuingia chuo cha uuguzi. Mwezi uliopita alinitumia ujumbe bila hata salamu: dawa ambayo nusu yake huondoka kila saa 3, mgonjwa akipewa kila baada ya saa 8, anapomeza ya pili, ya kwanza imebaki asilimia ngapi? Nikakokotoa, nikamjibu: karibu 16.

"Nami nimepata hiyohiyo, Frateri," aliandika. "Hapa wodini walikuwa wananibishia."